Twita za Fundi Masikio

Fundi Masikio alizikuta kwa muuza vyuma chakavu, zimelaliwa na jokofu bovu, vumbi limezivaa mpaka hazina rangi. Zilikuwa twita mbili, spika ndogo za kutoa sauti za juu, bapa, kila moja pana kama kiganja cha mtu mzima, zenye wavu mbele na wavu nyuma, na katikati utando mwembamba uliokunjwa marinda kama sketi ya shule. Mwenye lundo alidhani ni vichujio vya hewa vya gari.

“Hivyo vichujio unaviuzaje?” Masikio aliuliza, akitazama pembeni kama mtu asiye na haja.

“Chukua pamoja na hii feni, nikupunguzie.”

“Feni siitaki.”

“Basi acha feni. Lakini bei ni ileile.”

Masikio akalipa upesi kabla mwenzake hajabadili mawazo, akavua shati la kazi, akazivingirisha ndani yake na kurudi nyumbani na fulana. Watu njiani walimtazama kama mtu aliyetoka kuporwa, naye moyoni anacheka. Twita za namna ile hutoka kwenye spika ndefu nyembamba zinazosimama sebuleni kwa wenye nafasi zao. Katika maisha yake yote ya ufundi alikuwa amezigusa mara moja tu, tena za mteja, tena mteja mwenyewe amemsimamia.

Jina la Masikio hakujipa. Mtaa ndio uliompa, kwa sababu ukimpelekea redio hakuwa na haraka ya kuifungua. Aliiwasha, akaigonga mgongoni kama daktari anayesikiliza kifua, akafumba macho, kisha akakutajia ugonjwa wake. Mara nyingi alipatia. Alipokosea alisema redio imemdanganya.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana mbili kwa pamoja. Upande wa dirishani ilikaa meza ya Masikio, yenye nyaya, risasi ya kuchomelea na redio zilizopasuliwa matumbo. Ukutani ilikaa cherehani ya mkewe, ambaye wateja walimwita Pindo, kwa kuwa nguo akishaipinda huoni ilipopindwa. Katikati, kwenye kiti cha mikono kilichoelekea mlangoni, aliketi mama yake Masikio, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Kazi yake ilikuwa kuchambua maharage na kujua nani amepita barabarani na nani. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, wakaiacha nyumba kwa hao watatu.

“Umetuletea vichujio?” Pindo aliuliza, mguu ukiendelea kukanyaga.

“Vichujio! Mke wangu, ungejua umesema nini hapo, ungeomba radhi.”

Akaziweka mezani, akazipangusa kwa brashi ya kupakia rangi, akaanza kueleza, na Masikio akianza kueleza hakuna aliyebaki na shughuli. Twita za kawaida, alisema, zinatoa sauti mbele tu, nyuma zimezibwa. Hizi zinatoa mbele na nyuma, sawasawa. Ya mbele ikisukuma hewa, ya nyuma inaivuta. Na zile sauti mbili zikizunguka na kukutana ubavuni, zinauana.

“Zinauana?” Bibi akashtuka.

“Ubavuni husikii kitu, mama. Ndiyo utamu wake. Ukiifungia kwenye sanduku, umeinyonga. Lazima isimame wazi, ipumue pande zote mbili.”

“Na hilo la kusimamia utalipata wapi?” Pindo aliuliza. Akafuata macho ya mumewe mpaka chumbani. “Mlango wa kabati langu usiuguse.”

Mlango wa kabati ulifaa sana. Ubao ulikuwa mgumu, mnene, umekauka vizuri. Pindo alinuna mpaka jioni, halafu akashona pazia dogo la kuziba nguo zake, akasema kabati lenye mlango lilikuwa linamchosha kwa kelele za bawaba.

*

Mteja wa spika alikwisha kuwapo hata kabla ya twita kupatikana. Mwenye mkahawa wa kona, mwanamke mpana wa kifua na sauti aliyeitwa Mama Vikombe, alikuwa ametangaza kwamba anataka muziki wa kumfanya mtu aagize kikombe cha pili. Spika za dukani hazitaki, zinabwabwaja. Anataka za fundi. Masikio alimwahidi kitu ambacho mkahawa mwingine hauna, na kwa kauli hiyo mtaa mzima ukawa unasubiri.

Mpaka wakati huo maboksi yake yote alikuwa akiyatengeneza kwa kipimo alichozoea: baso ile ya mdundo, twita ile, kapasita ileile, kama mtu anayepika chai. Hizi hazikuwa na kipimo. Ilibidi azitafutie umbo na ulinganifu kwa kusikiliza, na hilo ndilo lililomfurahisha. Akaunda sanduku la chini la baso, lililozibwa kila upande. Juu yake akasimamisha fremu iliyo wazi, twita imekaa ndani kama picha isiyo na ukuta. Kapasita ya kuzuia mdundo usiende kuupasua ule utando, rizista ya kuipunguza twita nguvu ili isiizidi baso, kisha akawasha.

Bibi akaangusha sinia la maharage.

“Mwanangu! Unachinja nini humo?”

“Ndiyo kwanza zinaamka, mama.” Masikio alikuwa amefumba macho. Alisikia baso, nene na safi. Alisikia mwimbaji, lakini kama yuko chumba cha pili, amejifunika blanketi. “Zimelala bado. Nimezibana mno.” Akatoa rizista, akafunga ndogo zaidi.

“Masikio yangu yanatoboka!”

“Hayo ni masikio ya uzee, mama. Yamesahau muziki.”

Pindo, aliyeketi ubavuni mwa spika, hakusikia cha kutisha. Kwake muziki ulikuwa laini tu. Akadhani mkwewe ametia chumvi. Lakini alipoinuka kufuata mkasi na kupita mbele ya twita, sauti ya kinanda ilimchoma kama sindano chini ya ukucha. Akasimama.

“Baba, hii si kali kidogo?”

“Kali?” Masikio akatabasamu kwa huruma. “Mke wangu, wewe kwenye nguo hakuna wa kukugusa. Lakini sikio la muziki hukujaliwa.”

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayesema leo kuna joto. Pindo akachukua mkasi wake, akarudi ubavuni, akakaa. Nani amfundishe bata kuogelea? Kama Masikio anasema zimelala, huenda ndivyo spika za wenye nafasi zinavyolia, na watu wa kawaida hawajazoea. Siku zilizofuata Bibi alihamisha kiti chake, kidogokidogo, mpaka naye akafika ubavuni. Masikio alipowaona wawili hao wamebanana ukutani kama abiria wa benchi moja, alifurahi kwamba mkwe na mama mkwe wanapatana.

Rizista ya mwisho aliiondoa kabisa.

*

Siku ya kuzifunga mkahawani, Masikio alivaa shati la kutokea. Mama Vikombe alimwonyesha pa kuziweka, zimegandamana na ukuta wa nyuma, chini ya rafu ya vikombe. Masikio alifikiri kidogo kuhusu ukuta ule, lakini kwake sauti haikuonyesha tofauti yoyote, akaacha. Akaweka wimbo wa taratibu alioupenda, wa mwanamke na gitaa, akarudi nyuma akafumba macho.

Mtoto mchanga akaanza kulia. Mzee wa gazeti akalikunja gazeti. Bwana mmoja akaomba chai yake amiminiwe kwenye kopo, aondoke nayo. Vikombe kwenye rafu vikawa vinajibu mwimbaji, ting, ting, na wateja waliobaki, bila kuambiana, wakaanza kusogeza viti. Walisogea na kusogea mpaka wote wakasongamana kwenye kijia chembamba ubavuni mwa spika, magoti kwa magoti, meza za katikati tupu. Masikio alipofumbua macho alikuta mkahawa umeegemea upande mmoja kama mashua.

“Mmependa huko?” aliuliza.

“Fundi,” Mama Vikombe alisema, akijaribu kuipunguza sauti yake, kitu ambacho hakukizoea. “Zinakata.”

“Zinakata nini?”

“Zinakata, baba. Zinanikata mimi, zinakata wateja, zinakata na maziwa.”

“Sikio halijazoea tu. Mpe mtu siku chache. Mimi nasikia hata hazijafunguka vizuri.”

Kijana mmoja wa kofia, katikati ya msongamano, akacheka mpaka mate yakampalia. “Huyu hasikii!” alisema. “Jamani, fundi hasikii! Masikio ndiyo jina, mwenyewe hana!”

Kicheko kikazunguka. Si kicheko cha ubaya. Ni kile cha watu waliobanwa magoti na kupata nafasi ya kupumua. Lakini Masikio alihisi uso unamshuka. Alizima, akang'oa nyaya, akakataa chai aliyopewa. Mama Vikombe alimwazima mkokoteni wa kubebea mkaa, na alipoanza kusukuma akamfuata mpaka mlangoni.

“Usichukie, fundi. Zikipona niletee.”

Neno hilo, zikipona, ndilo alilolibeba njia nzima.

*

“Zimekufa,” aliwaambia watu wake wawili nyumbani, mama na mke. “Nimeuziwa mizoga. Ndiyo maana sizisikii. Kinachopiga kelele ni baso, inalia vibaya kwa sababu twita hazipo.”

Akaichomoa baso ili athibitishe. Akabaki na twita peke yake, akawasha, akasogeza sikio. Kimya, labda mnong'ono, kama mtu anasugua vidole. Akaongeza sauti. Kimya. Akaongeza tena.

Bibi alitoka jikoni ameziba masikio kwa viwiko, mikono ina unga. Pindo alikwisha kurusha nguo ya mteja chini.

“Zima! Zima hiyo!”

“Nizime nini? Si mnaona hazilii?”

Pindo alimtazama mumewe. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe, sikio lake limekaribia kugusa wavu, na uso umetulia kabisa, kama wa mtu anayesikiliza shimo. Hapo ndipo alipoelewa. Akaenda akazima mwenyewe.

“Zinalia, mume wangu,” alisema. “Zinalia mpaka meno yananiuma.”

“Na wewe unanicheka?”

“Sikucheki.”

“Geuka basi. Geukeni wote wawili, tazameni ukuta. Nitawasha na kuzima, nanyi mseme.”

Wakageuka, mke na mama, kama watoto waliopewa adhabu. Masikio akawasha. “Iko,” wakasema pamoja. Akazima. “Imekwenda.” Akawasha kidogo sana. “Iko, ndogo,” alisema Pindo. Akakaa muda mrefu bila kufanya lolote, akitumaini watakosea. Hawakusema kitu. Akazima, akawasha, akazima upesiupesi kama mtu anayechezea swichi ya taa, na Bibi, bila kugeuka, akahesabu kwa kidole kila mara ilipolia, asikose hata moja.

Halafu Masikio akageuka yeye, akautazama ukuta, na Pindo akashika kitufe.

“Sema,” Pindo alisema baada ya kitambo.

“Umeshawasha?”

Aliposikia mama yake anapenga kamasi, alijua.

*

Hospitali walikwenda kwa shinikizo la Bibi, aliyetaka kuamini ni nta. Muuguzi alimwingiza Masikio kwenye kijichumba kilichozibwa kwa sifongo, akamvika hedifoni na kumpa kitufe. “Ukisikia mlio, bonyeza.” Masikio alibonyeza, akabonyeza, akafurahi mwenyewe jinsi anavyopatia. Kisha milio ikakoma. Akangoja, kidole tayari. Akangoja. Mwishowe akachungulia kwenye kioo, akainua hedifoni.

“Mbona hamwendelei?”

“Tumeshamaliza, baba,” muuguzi alisema.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache na mazuri. Sauti za chini na za kati ziko vizuri. Za juu zimekwenda, na zikienda hazirudi. Alimuuliza kama amewahi kufanya kazi penye makelele. Masikio alifikiria ujana wake: kumbi za sherehe, jukwaa baada ya jukwaa, ameegemea spika zilizomzidi kimo, akilala hata usingizi juu yake wakati wa mapumziko. Kumbe ukumbini ndiko alikoziacha sauti zile, punje kwa punje, na hakuna aliyemwambia anadondosha. Daktari akasema alichobaki nacho kitabaki kama atakitunza, na akampa vizibo vya masikio. Masikio alivitia mfukoni kama mtu aliyepewa pole.

Nyumbani alikishusha kibao cha nje. Redio zilizokuwa mezani akazirudisha kwa wenyewe, nyingine bado zimepasuka. Asubuhi alikuwa haamki. Mteja akigonga dirisha la chumba, alijibu kutoka kitandani.

“Fundi amesafiri.”

“Si wewe huyo unayeongea?”

“Nimesafiri.”

Bibi alimwingilia na kikombe cha chai. “Mwanangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.”

“Mama, hapa haikuvunjika koleo. Amevunjika mhunzi.”

“Basi kunywa chai, mhunzi aliyevunjika hunywa chai.”

Pindo hakusema methali. Alikuwa na nguo za watu za kumaliza, na sasa cherehani ndiyo iliyobeba sufuria ya nyumba nzima. Siku ya nne au ya tano ya safari ile ya kitandani, alikuja akasimama juu ya mumewe na sindano mkononi na uzi.

“Nitungie.”

Masikio akaketi. Hilo alilifanya kila asubuhi kwa miaka, tangu macho ya Pindo yalipoanza kuliona tundu la sindano kama ukungu. Akalamba uzi, akatunga, akampa.

“Asante,” Pindo akasema, asiondoke. “Mbona mimi sikufunga cherehani?”

“Nini?”

“Nilipoacha kuliona tundu. Sikulala kitandani nikasema Pindo amesafiri. Nilikuletea wewe sindano, ukatunga, nikashona. Jicho lako nimelitumia mpaka leo wala hujanidai. Sasa mimi nina sikio hapa, limekaa bure, na wewe unalala.”

“Sikio na jicho si sawa.”

“Kwa nini si sawa?”

Masikio akatafuta sababu. Iliyokuwapo ilikuwa moja tu, na ilimwia vigumu kuitamka. “Kwa sababu nilikwambia huna.”

“Uliniambia,” Pindo akakubali. “Na uliniudhi. Sasa inuka, kabla sijakumbuka vizuri nilivyoudhika.”

*

Kazi haikuanza vizuri. Masikio aliketi mbele ya spika na risasi mkononi, Pindo nyuma yake na mikono kifuani.

“Unasikiaje?”

“Vibaya.”

“Vibaya vipi? Sauti ya kati iko mbele? Ya juu imezidi kuanzia wapi?”

“Sijui hayo. Vibaya.”

“Siwezi kufunga rizista ya ‘vibaya’, mke wangu.”

Pindo akakasirika, akarudi kwenye cherehani, akakaa kidogo akipapasa kitambaa. Kisha akainuka na gunia la kuwekea vipande, akalitupa mapajani mwa mumewe. “Hivi. Inakwaruza hivi. Ukijisugua nalo shingoni.”

Masikio akalishika gunia. Akalisugua shavuni. Alijua rizista ya gunia.

Baada ya hapo wakaelewana. Akifunga, Pindo alisikiliza, akaenda kwenye vipande vyake na kurudi na jibu. Kwanza gunia likawa turubai. Turubai likawa jinzi mpya. Halafu akaleta kitambaa cha shuka kilichotiwa wanga mwingi, akasema hapa ni pazuri lakini mtu akigeuka panakunjika. Masikio akabadilisha kapasita. Pindo akasema sasa imekuwa nyepesi mno, unaona hadi mwilini. Akairudisha ya kwanza, akaongeza rizista. Bibi, aliyejiteua hakimu wa rufaa, aliketi mbele kabisa bila woga, akila maharage mabichi kwa msisimko.

“Hapo!” alisema Bibi. “Hapo nasikia mpaka anachosema. Kumbe wimbo huu ni wa mtu aliyeachwa? Miaka yote nilidhani ni wa harusi.”

Lakini Pindo alikunja uso. “Kuna mtu nyuma.”

“Nani?”

“Kwenye wimbo. Kila anachokiimba yule, kuna mtu anakirudia nyuma yake upesi, kama mtoto anayemwiga mkubwa.”

Masikio akapiga paji lake la uso kwa nguvu. Ukuta! Ile sauti ya nyuma, ambayo yeye mwenyewe aliisifu kwa kila aliyemsikiliza, ilikuwa inagonga ukuta na kurudi. Angelijua hilo kama angelisikia. Na kule mkahawani hakusikia, akaacha. Wakazisogeza spika mbele, hatua, na hatua nyingine. Mtoto anayeiga, Pindo akasema, anaenda mbali. Sasa yuko uani. Sasa hayupo, ila chumba kimekuwa kikubwa.

“Kikubwa vipi?”

“Kama ukuta umetolewa.” Pindo alisimama katikati ya chumba, akageuza kichwa huku na huku. Hakuomba kitambaa safari hii. “Baba, hii ni nzuri. Hii ni nzuri sana.”

Masikio alimtazama usoni ili aone anachosikia. Kwa kitambo alifurahi, na kwa kitambo alimwonea wivu. Akachukua risasi, akachomelea viungo visilegee.

*

Mama Vikombe alipowaona wanakuja na mkokoteni, fundi mbele, mkewe akishikilia spika, na Bibi nyuma kama askari wa msafara, aliweka birika chini.

“Fundi, wateja wangu ndiyo kwanza wamerudi kukaa katikati.”

“Sikiliza wimbo mmoja tu,” Pindo akasema. “Ukikatwa, tunaondoka nazo, na lile gauni lako nitalipinda bure.”

Ukutani hawakuziweka. Masikio alitaka meza moja isogezwe, Mama Vikombe akataka kujua meza hiyo italipiwa kodi na nani, wakavutana, hatimaye ikasogezwa. Pindo akazunguka mkahawa mzima akisikiliza, akinyoosha mkono: lete, lete, hapo. Akaamuru moja igeuzwe kidogo. Masikio akageuza bila kuuliza. Kijana wa kofia alikuwapo, kikombe mdomoni, akisubiri kicheko.

Wimbo wa mwanamke na gitaa ukaanza. Mzee wa gazeti aliliinua gazeti, kisha akalishusha taratibu, si kwa kuondoka. Mtoto wa mtu akaendelea kulala. Vikombe havikujibu.

Mama Vikombe alisikiliza ameegemea kaunta, jicho moja limefumbwa, akitafuta kasoro. “Hapa katikati nasikia vizuri,” akasema. “Lakini huku kwangu naona muziki umepungua.”

“Ndivyo nilivyotaka,” Masikio akasema. “Wewe uko ubavuni. Muziki unawafuata wao. Wewe utasikia mteja anaagiza nini, bila kumwambia rudia.”

Mama Vikombe akafungua jicho la pili. Mtu wa meza ya mwisho alikuwa anaomba sukari, kwa sauti ya kawaida, na alikuwa amemsikia. Akaitikia kwa kichwa polepole.

“Zimepona,” alisema. “Nani kazitibu? Maana siku ile, fundi, usinichukie, nilidhani umelogwa.”

Ilikuwa rahisi kusema mimi. Pindo mwenyewe alikuwa ameinama anakusanya nyaya, hakuonyesha kudai chochote. Masikio aliona kofia ya yule kijana, akaona watu wanamtazama, akajifuta mikono kwenye suruali.

“Nimefunga mimi,” alisema. “Aliyesikiliza ni mke wangu. Mimi sauti za juu zimenihama, hazirudi. Kijana yule alisema kweli. Kuanzia sasa ukileta redio kwangu, natibu mimi, anapima yeye.”

Kijana akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. “Mimi nilikuwa natania tu, mzee,” akasema.

“Ulitania pahali pake.”

“Basi,” Mama Vikombe akasema, akishika birika, “chai ya msikilizaji leo ni bure. Ya mama naye bure, kwa umri wake. Wewe fundi utalipia yako.”

Watu wakacheka, na Masikio akacheka nao. Wakapewa meza ya katikati, palipo na sauti yote. Bibi alikwisha kuanza mazungumzo na mzee wa gazeti, akimweleza kwamba wimbo ule ni wa mtu aliyeachwa. Masikio alikoroga chai. Baso alikuwa nayo, na gitaa la chini, na nusu ya mwanamke. Kwingine kote kulikuwa kumefungwa.

“Sasa hivi kuna nini huko juu?” alimuuliza mkewe.

Pindo akainama karibu na sikio lake. “Kuna kitu kidogo kinalia kwa mbali, kama kijiko kwenye glasi. Sasa kimenyamaza. Vidole vyake vinateleza kwenye nyuzi, vinatoa ukelele mdogo.” Akasita. “Sasa amevuta pumzi.”

“Nani?”

“Mwimbaji. Kabla ya kuanza. Anavuta pumzi, ndiyo anaimba.”

Masikio aliujua wimbo ule tangu ujana wake. Ile pumzi hakuikumbuka. Huenda hakuwahi kuisikia, hata alipokuwa na masikio yote.

“Kila ubeti?” aliuliza. “Anavuta kila ubeti, au huo tu? Na akivuta, inakuwa—”

Pindo akamwekea mkono juu ya mkono.

“Nyamaza kwanza,” akasema, macho ameyafumba. “Nisikie.”